Mrisho Ngassa: kiungo wa Mwanza na saini zilizoamua safari yake

Kila tunapozungumzia soka katika vipindi vyetu, jina la Mrisho Ngassa halikosi kutajwa. Wazee wa Mwanza humtaja pamoja na baba yake. Vijana humtaja kwa mbio zake. Wengine huuliza swali moja: kwa kipaji kile, mbona hakufika Ulaya? Hapa tunaeleza safari yake kwa mpangilio, kisha tunaangalia ina funzo gani kwa mzazi mwenye kijana anayecheza mpira huku kwetu kando ya ziwa.

Mtoto wa mchezaji

Ngassa alizaliwa mwaka 1989. Baba yake, Khalfan Ngassa, aliichezea Pamba ya Mwanza, na baadaye Simba na timu ya taifa. Pamba ndiyo timu ya Mwanza iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990. Baadaye ilishuka daraja na kukaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, mpaka iliporudi msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji.

Kijana alianzia Toto African, timu nyingine ya Mwanza, kisha akavuka ziwa kwenda Kagera Sugar, inayotumia uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Hapo ndipo Yanga walipomwona na kumchukua Dar es Salaam. Nafasi yake ilikuwa kiungo mshambuliaji, mara nyingi akitokea pembeni. Hakuwa na mwili mkubwa. Silaha yake ilikuwa kasi, na uwezo wa kumpita beki kabla beki hajajua aende upande gani.

Mwaka 2009: mlango unafunguka

Februari 2009 Taifa Stars ilicheza fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, nchini Ivory Coast. Tanzania iliwafunga wenyeji 1-0. Mfungaji alikuwa Ngassa.

Miezi miwili baadaye alikuwa London, akifanya majaribio na West Ham United ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hakusajiliwa. Wengi huishia hapo wanaposimulia, lakini kuna jambo ambalo halitajwi sana. Wakati ule, mchezaji asiye raia wa Umoja wa Ulaya alihitaji kibali cha kazi. Ili akipate, nchi yake ilitakiwa iwe ndani ya timu 70 bora za FIFA, naye awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa katika miaka 2 iliyotangulia. Tanzania haikuwa ndani ya hizo 70. Kwa hiyo hata kocha angempenda, bado kulikuwa na ukuta mbele yake ambao miguu peke yake haiwezi kuuruka.

Julai 2011 alijaribu tena, safari hii Marekani na klabu ya Seattle Sounders. Aliingia akitokea benchi katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United, ambayo Seattle walifungwa 7-0. Nako hakupata mkataba.

Saini za nyumbani

Huku nyumbani jina lake lilizidi kupanda bei. Mwaka 2010 Azam walimnunua kutoka Yanga kwa Sh milioni 58. Kwa wakati ule, fedha hizo kati ya klabu mbili za Tanzania zilikuwa gumzo la nchi nzima.

Mwaka 2012 Azam walimpeleka Simba kwa mkopo, na mwaka uliofuata akarudi Yanga. Ndipo ugomvi ulipozuka. Simba walisema bado wana mkataba naye wa mwaka mmoja zaidi, na kwamba alikwishapokea fedha zao. Suala likafika kwenye kamati ya TFF. Kamati ilimruhusu kuichezea Yanga, lakini ikamfungia mechi 6 na kumtaka awarudishie Simba Sh milioni 45, yaani milioni 30 alizopokea pamoja na fidia ya milioni 15.

Ukipiga hesabu, deni hilo halikuwa mbali na bei ambayo Azam walimnunulia miaka 3 nyuma. Tofauti ni kwamba bei ya kuuzwa hulipwa na klabu kwa klabu. Deni hili lilikuwa la mchezaji mwenyewe.

Alichokifanya uwanjani

Pamoja na yote hayo, Ngassa aliendelea kucheza. Desemba 2012, katika michuano ya CECAFA mjini Kampala, Tanzania iliifunga Somalia 7-0, naye akafunga mabao 5 peke yake.

Mwaka 2014, baada ya kumaliza adhabu, alifunga mabao 3 katika kila moja ya mechi mbili za Yanga dhidi ya Komorozine ya Comoro. Mabao hayo 6 yalimfanya awe mmoja wa vinara wa ufungaji wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo, akilingana na wachezaji wa klabu zilizofika mbali zaidi. Yanga yenyewe ilitolewa raundi iliyofuata na Al Ahly ya Misri kwa mikwaju ya penalti.

Mwaka 2015 alisaini Free State Stars ya Afrika Kusini, mkataba wa miaka 4. Kocha aliyemtaka alikuwa Kinnah Phiri wa Malawi. Phiri aliondoka, na mwaka 2016 Ngassa naye akaondoka. Akapitia Fanja ya Oman, kisha akarudi nyumbani kujiunga na Mbeya City, ambako kocha wakati huo alikuwa Phiri huyo huyo. Baadaye alichezea Ndanda ya Mtwara, na mwaka 2018 akarudi Yanga, akakaa mpaka 2020.

Wawili wa kulinganisha

Mbwana Samatta alicheza na Ngassa Taifa Stars. Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Hakukimbilia Ulaya moja kwa moja. Alikaa Kongo, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23. Ngassa alipopata mkataba wake wa Afrika Kusini alikuwa na takriban miaka 26.

Wa pili ni kiungo Novatus Dismas Miroshi. Akiwa mchezaji wa Azam alipelekwa kwa mkopo Biashara United ya Musoma, hapa hapa kando ya ziwa. Kutoka hapo alikwenda Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, halafu Shakhtar Donetsk ya Ukraine, ambako alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 2023/24.

Hatusemi kwamba hawa wawili walikuwa na kipaji kumzidi Ngassa. Tunachokiona ni kwamba waliondoka mapema, na kila klabu waliyoingia iliwasogeza kwenye ngazi inayofuata. Miaka ambayo Ngassa angeweza kupanda ngazi hizo, aliitumia kuzunguka kati ya Yanga, Azam na Simba.

Mzazi na mchezaji wajue nini?

Kanuni za FIFA zinasema hivi:

- Mchezaji akibakiza miezi 6 au chini ya hapo kwenye mkataba wake, ana ruhusa ya kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Kabla ya hapo, klabu inayomtaka ianze kwa kuiandikia klabu yake.
- Ni kosa kusaini klabu mbili kwa kipindi kimoja.
- Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka 3.
- Kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18 kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mtu akikuahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 nje kucheza, muulize sana.
- Wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA. Mwombe akuonyeshe.
- Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa hiyo timu ndogo za Sengerema, Ukerewe au Magu zihakikishe wachezaji wao wamesajiliwa rasmi. Bila usajili hakuna cha kudai.

Na kabla ya kusaini chochote, omba nakala, nenda nayo nyumbani, ipeleke kwa mtu anayeijua sheria. Ukipewa fedha taslimu au gari kabla ya kusoma karatasi, jua kwamba siku ya ugomvi utatakiwa kuvirudisha, pengine na nyongeza. Ngassa, mmoja wa wafungaji wakubwa katika historia ya Taifa Stars, alilipia somo hilo kwa mechi 6 na mamilioni ya shilingi. Kijana wa Igoma au Nansio hana sababu ya kulilipia tena.