Breki za nyuma za Altezza zimeisha? Unaweza kuzibadili nyumbani, lakini usiruke hatua hizi

- Mlio kama wa filimbi ukikanyaga breki ni dalili kuwa pedi zimekaribia kuisha.
- Kabla ya kufunga pedi mpya, tafuta kwanza kilichozimaliza za zamani.
- Usiondoe gari kabla hujapampu kanyagio likawa gumu.

Katoro. Altezza ikipita barabara ya Geita kwenda Chato inayokatiza katikati ya Katoro, unaijua hata kabla hujageuka. Ekzosi inanguruma, vioo vyeusi, muziki juu.

Lakini kuna sauti moja ambayo mwenye gari hapendi kuisikia: mlio mwembamba kutoka tairi la nyuma kila akigusa breki. Wengi wanaongeza sauti ya redio, safari inaendelea.

Ukizembea hapo, unachezea maisha ya watu. Bodaboda hapa husimama bila taarifa, watoto wanavuka kwenda shule na siku ya mnada barabara inajaa watu. Breki ndizo zinazoamua kama utasimama hatua tano kabla au hatua mbili baada.

Habari njema ni kwamba kubadili pedi za nyuma ni kazi inayowezekana kufanyika uani kwako, ukiwa na vifaa sahihi na ukiwa mvumilivu.

Kwa nini Altezza inahitaji jicho la karibu

Toyota ilianza kuuza Altezza Japani mwaka 1998 na ikaacha kuitengeneza mwaka 2005. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kama Lexus IS200 na IS300. Maana yake ni kwamba Altezza yoyote unayoiona leo imeshapita miaka 20, na mipira yake mingi ni ya umri huohuo kama haijawahi kubadilishwa.

Kwa kawaida breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa, kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari huelemea mbele. Kwa hiyo pedi za nyuma zikiisha kabla ya zile za mbele, au upande mmoja ukiisha kabla ya mwingine, kuna kitu kimeganda.

Vumbi la huku nalo lina mchango wake. Kiangazi linaingia kila mahali, masika linageuka tope na kukauka kwenye kalipa. Vyuma vinavyotakiwa kuteleza vinashika kutu, pedi inabaki inasugua diski hata kama hujakanyaga breki.

Dalili za kuangalia

Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma. Nyama ya pedi ikibaki kidogo, kibati hicho hugusa diski na kupiga ule mlio. Mlio ukibadilika ukawa mkwaruzo mzito, chuma kinakula chuma na diski inaharibika.

Fungua tairi uangalie. Nyama ya pedi ikiwa nyembamba kuliko bati la chuma lililoibeba, anza kutafuta pesa. Ikifika milimita 3, badili.

Dalili nyingine ni rimu moja ya nyuma kuwa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari, au gari kuvutia upande mmoja ukikanyaga breki.

Andaa vitu hivi

Unahitaji jeki, stendi mbili za jeki, spana ya matairi, seti ya spana (namba 12 na 14 hutumika sana kwenye Toyota), waya, brashi ya chuma, msasa, klampu na grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, iache.

Ukienda dukani kununua pedi, beba ya zamani mkononi na uandike modeli ya gari kutoka kwenye bamba lake. Altezza zenye injini ya silinda nne na za silinda sita zina namba tofauti, na si lazima breki zake zifanane.

Nunua za pande zote mbili. Ukibadili upande mmoja tu, breki zitavuta tofauti, na kwenye barabara yenye tope mkia wa gari unaweza kukutangulia.

Usalama kwanza: mtego wa gari la kusukuma nyuma

Hapa ndipo wengi wanakosea. Altezza husukumwa na matairi ya nyuma. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, gia haiwezi tena kulishikilia gari, hata kama ni otomatiki na umeweka P. Difu linaruhusu tairi lililo hewani kuzunguka, na lile lililo chini nalo linaweza kuzunguka. Hendibreki nayo ni ya nyuma.

Kwa hiyo kinachozuia gari lisiondoke ni mawe uliyoweka kwenye matairi ya mbele. Weka makubwa, mbele na nyuma ya kila tairi.

Chagua sehemu tambarare na ngumu. Legeza nati kabla ya kupiga jeki, nyanyua, kisha weka stendi. Usitumie tofali, linaweza kupasuka ghafla. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiteleza, gari litaangukia tairi badala ya mguu wako.

Hatua kwa hatua

Fanya upande mmoja kwanza. Ule mwingine ubaki kama ulivyo ili ukisahau kitu kilikaaje, uuangalie.

1. Shusha hendibreki baada ya kuhakikisha mawe yamekaa vizuri.

2. Osha sehemu yote kwa maji ya sabuni. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbestosi, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani.

3. Fungua bolti za kalipa na uitoe. Ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, unaweza kuchanika kwa ndani bila wewe kuona.

4. Toa pedi uzilinganishe. Ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, au imeisha kimshazari, umeshapata mhalifu: pini za kalipa au pistoni imeganda.

5. Chomoa pini, zisugue, zipake grisi ya breki na uzirudishe. Lazima ziteleze kwa kusukuma na kidole. Ukiruka hatua hii, pedi mpya nazo zitaisha mapema kama za mwanzo.

6. Angalia diski. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, imepasuka au ina mitaro mirefu, haifai.

7. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki chini ya boneti, kisha rudisha pistoni polepole kwa klampu ukitumia pedi ya zamani kama kinga. Mafuta yatapanda, yasimwagike kwenye rangi, huwa yanaila. Kwenye Altezza pistoni inarudi moja kwa moja, kwa sababu hendibreki yake ina breki shuu zake ndani ya diski. Yapo magari mengine ambayo pistoni ya nyuma lazima izungushwe, hivyo usilazimishe.

8. Funga pedi mpya, rudisha vibati vyake, funga kalipa na tairi. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, si kwa kuzunguka.

Usiwashe safari bado

Hii ndiyo hatua inayosahaulika zaidi. Ukirudisha pistoni, kunabaki nafasi kati yake na pedi. Kanyagio la kwanza litazama hadi chini na gari halitasimama.

Kaka yangu aliisahau. Alimaliza kazi vizuri kabisa, akawasha, akarudi nyuma kwa madaha. Gari lilikuja kusimamishwa na uzio wa minyaa wa jirani. Tulicheka baadaye, lakini dakika tano kabla watoto walikuwa wanacheza palepale.

Kwa hiyo pampu kanyagio taratibu mpaka liwe gumu, kisha angalia tena kiwango cha mafuta. Kama hukufungua mpira wa mafuta, hakuna haja ya kutoa upepo.

Ukitoka, nenda sehemu isiyo na watu. Kutoka mwendo wa 50, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, urudie mara kadhaa huku ukiacha breki zipoe katikati. Hapo pedi na diski zinazoeana. Kwa kilomita 200 za mwanzo, epuka breki za ghafla.

Mafuta ya breki si oili yoyote

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya huchemka nyuzi joto 205 au zaidi, lakini yakinyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka ndani ya mfumo, mvuke unatokea na kanyagio linakuwa kama sponji. Badili kila baada ya miaka miwili.

Usiongezee oili ya injini, ya gia wala maji ya sabuni. Oili huvimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo utalipia zaidi ya bei ya kopo moja.

Kumbuka pia mwendo wako. Kutoka 50 hadi 80 unaona umeongeza kidogo tu, ila joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza ili usimame huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Kile kibao cha 50 kwenye maeneo ya makazi hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki peke yake.

Wakati wa kumwita fundi

Acha kazi ukiona mafuta yanavuja kwenye pistoni, mpira umepasuka, pistoni imegoma kurudi au taa ya breki haizimi.

Na kama umemaliza kila kitu lakini kanyagio bado ni laini, gari libaki uani. Sokoni utafika tu kwa bodaboda.