'Kusaga' na 'Kudhibiti': Safari ya Istilahi Mbili za Karata

Lugha ya karata ni ushahidi kwamba istilahi hudumu pale inapotumiwa. Wareno walinyang'anywa Mombasa mwaka 1698, lakini maneno yao turufu, kopa, uru, pau na shupaza yangali vinywani mwa wachezaji. Hakuna baraza lililoyapitisha. Jambo hili lafaa kukumbukwa tunapoutazama mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993.

Katika mchezo huu kila mchezaji huja na fungu alilolipanga mwenyewe, kwa kawaida karata zisizopungua 60. Rundo la kuokotea huitwa maktaba, na karata zilizokwisha kutumika hupelekwa makaburini. Mchezaji huanza na uhai wa pointi 20, na ukimwishia ameshindwa. Lakini iko njia ya pili: atakiwaye kuokota karata hali maktaba yake ni tupu, naye pia ameshindwa.

Mwaka 1994, katika toleo la Antiquities, ilitokea karata iitwayo Millstone, yaani jiwe la kusagia. Kazi yake ni kuhamisha karata mbili za juu kutoka maktaba ya mchezaji hadi makaburini. Wachezaji walilikata jina hilo wakapata kitenzi 'mill'. Kwa zaidi ya robo karne kanuni zililieleza tendo hilo kwa sentensi nzima, ilhali wachezaji walilitaja kwa silabi moja. Hatimaye mwaka 2020, katika toleo la Core Set 2021, wenye mchezo walikikubali kitenzi hicho, na maelezo rasmi ya karata za zamani yakarekebishwa.

Dhana ya udhibiti ilikua sambamba. Katikati ya miaka ya 1990, Brian Weissman wa Marekani alijulikana kwa fungu lililoitwa The Deck. Lilijaa karata za kuzuia, za kuharibu na za kuokotea zaidi, washambuliaji wakiwa wachache mno. Mdhibiti hana haraka: hufunga njia zote kwanza, kisha hushinda kwa chombo chochote kilichobaki, hata kwa kuimaliza maktaba ya mwenziwe. Hata hivyo, aokotaye sana huipunguza maktaba yake mwenyewe, akamrahisishia kazi msagaji. Adui mkubwa wa msagaji ni mshambuliaji wa haraka, kwani karata 50 zilizohamishwa hazimpunguzii huyo uhai hata pointi moja. Wengine hujihami kwa karata kama Emrakul ya mwaka 2010, ambayo ikiingia makaburini huyarudisha makaburi yote katika maktaba na kuchangwa upya.

Je, tendo hili tuliiteje? 'Kudhibiti' hakuna taabu, maana dhana na neno vinalingana. 'Kusaga' kuna mashaka. Kwetu anayesaga nafaka hupata unga. Hapa hakuna kinachopatikana, ila rundo hupungua. Kiingereza kilifika kwenye kitenzi hicho kwa njia ya jina la karata moja, wala si kwa kufikiri juu ya kinu. Tukitafsiri neno tu, tutakuwa tumeichukua ajali ya historia na kuiacha dhana. Kitenzi 'kukausha', kama tusemavyo kukausha kisima, huonyesha chanzo kinachochotwa mpaka kikaisha, na ndicho tunachokipendekeza.

Hata hivyo, pendekezo lisigeuzwe amri. Orodha nyingi za istilahi zimebaki rafuni kwa sababu waliokusudiwa kuzitumia hawakuulizwa. Wenye mchezo wenyewe walihitaji miaka 26 kuandika kilichokuwa kikisemwa. Kazi ya msanifishaji ni kusikiliza kwanza, kufafanua pili, na kupitisha mwisho. Wachezaji wetu wakiamua kusema 'kusaga', basi na liandikwe 'kusaga', likiwa na fasili yake kamili.