Wati za Kibandikoni

Ukikaa na vijana wanaojijengea kompyuta za gemu, swali la kwanza utakalolisikia ni hili: "Kaka, ninunue pawa saplai ya wati ngapi?" Na kama mashine yenyewe itavaa kadi mbili za picha, swali huulizwa kwa mchecheto zaidi, maana hapo pesa imekwisha kutoka nyingi, na pawa saplai ndiyo hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyosalia. Nimeona niandike juu ya swali hilo kwa sababu lina historia, na historia yenyewe inaonyesha kuwa limepitwa na wakati. Lilikuwa swali zuri mwaka 1981. Leo anayeuliza wati peke yake anamwachia muuzaji ajibu anavyotaka.

Basi tuanze huko huko 1981. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwezi Agosti mwaka huo, pawa saplai iliyokuwamo ilikuwa ya wati 63.5. Balbu moja ya kizamani ya sebuleni ilikula zaidi ya hapo! Ilipokuja XT mwaka 1983 zikawa wati 130, na AT ya mwaka 1984 ikafika 192. Kazi ya kisanduku hicho ilikuwa ile ile ya leo: kupokea umeme wa ukutani, kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili uweze kushushwa na transfoma ndogo, kisha kuutoa ukiwa umetulia kwa volti kidogo. Volti zenyewe zilikuwa hasa 5 na 12. Chipu karibu zote za wakati ule zilikunywa volti 5. Zile 12 zilikuwa za mota za diski. Kwa hiyo mtu akikuambia "wati 192", ulijua sehemu kubwa ya hizo iko kwenye volti 5, na huko ndiko zilikohitajika. Hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Kilichogeuza mambo ni chipu kupungua kiu ya volti huku zikiongeza kiu ya umeme. Hapa nitamwomba msomaji avumilie hesabu moja tu, nayo ni ya shule: wati ni volti mara ampea. Chipu inayotaka wati 100 kwa volti 5 inahitaji ampea 20. Ukiishusha mpaka volti 1, inahitaji ampea 100. Ampea 100 hazipiti kwenye waya mwembamba wa kompyuta. Waya utachemka na volti zitapotea njiani. Mafundi wakafanya kile ambacho TANESCO wamekifanya miaka yote. Umeme wa Kidatu hausafirishwi mpaka Dar es Salaam kwa volti 230. Husafiri kwa volti 220,000 hadi Ubungo, ndipo unashushwa kwa awamu mpaka ufike kwenye nguzo ya mtaani kwako. Ndani ya kompyuta ikawa hivyo hivyo: peleka volti 12, kisha uzishushe pale pale jirani na chipu.

Mwaka 1995 Intel ilitoa mpangilio wa ATX, ambao ndio tulionao mpaka leo pamoja na marekebisho yake. Mwaka 2000, kwa ajili ya Pentium 4, ikaongezwa plagi ya pini nne ya volti 12 kwa ajili ya prosesa peke yake. Ni kiplagi kidogo, ukikitazama hukijali. Lakini kwangu mimi hiyo ndiyo siku volti 5 ilipovuliwa ukuu.

Wakati huo kulikuwa na hadithi nyingine inaendelea San Jose, California. Kampuni moja iitwayo 3dfx, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa inatengeneza kadi za Voodoo, kadi zilizowafanya vijana wa huko waone gemu kwa macho mapya. Mwaka 1998 wakatoa Voodoo2, na ndani yake wakaweka jambo la ajabu: unaweza kununua mbili, ukaziunganisha kwa utepe wa waya ndani ya kompyuta, moja ikachora mistari witiri ya skrini na nyingine mistari shufwa. Wakaliita SLI. Kadi moja iliishia picha ya nukta 800 kwa 600; mbili zilifika 1024 kwa 768. Na kwa kuwa Voodoo2 haikujua kuchora kitu kingine zaidi ya gemu, ilibidi uwe na kadi ya tatu ya kazi za kawaida! Kadi tatu ndani ya kasha moja, na hakuna aliyeumiza kichwa juu ya pawa saplai, kwa sababu tundu la PCI lenyewe halikuruhusiwa kutoa zaidi ya wati 25 kwa kadi.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 2000 3dfx hao hao walitoa Voodoo5 5500 yenye chipu mbili juu ya kadi moja, na tundu halikuitosha tena; ikabidi ichomekwe ile plagi ya pini nne ya diski. Kaka yake, Voodoo5 6000 wa chipu nne, alitengenezewa kisanduku chake cha umeme cha pembeni, cha kuchomeka ukutani kama redio. Hakuwahi kufika dukani. Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kuuza mali zake kwa mpinzani wake, Nvidia, na jina la SLI likaenda nazo.

Hadithi hizi mbili zilikutana mwaka 2004. Nvidia walifufua SLI kwa kadi za GeForce 6, wakabaki na herufi na kubadilisha maana yake. Mwaka uliofuata ATI wakajibu kwa CrossFire. Safari hii kadi zilikaa kwenye matundu mapya ya PCI Express, ambayo hutoa wati 75. Zaidi ya hapo kadi huvuta kwa waya zake: plagi ya pini sita ni wati 75 nyingine, ya pini nane ni 150. Na karibu zote hizo ni za volti 12. Kijana aliyekuwa na pawa saplai nzito ya miaka michache nyuma, iliyojaa volti 5 ambazo hakuna wa kuzinywa, akajikuta ana pipa la maji ya chumvi nyumbani na kiu palepale.

Hapo ndipo uongo wa kibandiko ulipopata soko. Chukua pawa saplai ya bei chee iliyoandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu. Igeuze usome jedwali dogo la ubavuni. Tuseme limeandikwa volti 5 ampea 40, volti 3.3 ampea 30, volti 12 ampea 22. Piga hesabu: 200, na 99, na 264. Jumla ni 563. Ongeza vijisenti vingine unakaribia 600, muuzaji hajadanganya sana, si ndiyo? Lakini kadi zako mbili na prosesa yako zitakunywa kwenye zile 264 tu. Wati 299 za volti ndogo zitabaki zimekaa bure. Mimi husema kijana anayetaka kuwa mwandishi aanze kwa kusoma vibandiko. Humo mna hadithi za kubuni tele.

Hata pawa saplai za kweli zilikuwa na mtego wake. Mpangilio wa ATX uliotoka mwaka 2003 ulitaka kila mkondo wa volti 12 usizidi wati 240, yaani ampea 20, kwa usalama, ili waya ukigusana na kitu usiwake moto. Watengenezaji wakagawa volti 12 katika mikondo miwili, mitatu, minne. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kadi kubwa inaweza kuumaliza mkondo mmoja huku jirani yake amelala. Unaiwasha gemu, dakika tano, pu! Mashine inazima, na kibandiko kinasema bado una wati 300 za akiba. Watu walibadilisha kadi na kurudisha kadi madukani, kumbe dawa ilikuwa kuhamisha plagi moja tu kwenye mkondo mwingine. Sharti hilo la wati 240 baadaye liliondolewa, na wengi wakarudi kwenye mkondo mmoja mnene. Ukitaka kadi mbili na hupendi kuchora ramani ya nyaya, mkondo mmoja unakupunguzia mawazo.

Sasa tufanye hesabu ya kweli ya kadi mbili. GeForce GTX 480 ya mwaka 2010 ilitajwa kuwa ya wati 250. Mbili ni 500, sawa na karibu ampea 42 kwenye volti 12. Prosesa ya wati 130, kama zile kubwa za Intel za miaka hiyo, ni ampea 11. Hapo umefika 53 kabla ya feni na diski. Usitafute ya ampea 53 kamili. Mzigo wa gemu hurukaruka, na kasha lenye kadi mbili lina joto kama chungu. Tafuta 65 au 70, ambazo kwa pawa saplai safi huja kwenye zile za wati 850 au zaidi kidogo. Umeona? Wati nimezitaja mwisho kabisa. Mwaka 2014 AMD walipotoa Radeon R9 295X2, chipu mbili kwenye kadi moja ya wati 500, nao wenyewe hawakuishia kwenye wati. Walitaka kila plagi yake ya pini nane iweze kupata ampea 28, na mbili kwa pamoja zisipungue 50.

Kuhusu nembo ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, watu wengi huisoma kama habari ya bili. Ni kweli, inataka pawa saplai isipoteze zaidi ya asilimia 20 ya umeme kama joto, ikipimwa kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Mimi huipendea neno la mwisho: asilimia 100. Kupata nembo ni lazima kisanduku kibebe maabara wati zote kilizojiandika, bila kuzima wala kulipuka. Kile cha herufi za dhahabu kingeaibika hapo. Nembo za kughushi zipo, lakini orodha ya waliopimwa iko wazi kwa yeyote. Jambo jingine la kuangalia ni nyuzijoto. Wengine huhesabu wati zao chumba kikiwa na nyuzi 25, na joto likipanda uwezo hushuka. Nyuzi 25 mchana wa Januari Dar es Salaam? Labda benki. Watengenezaji wanaojiamini huandika nyuzi 40 au 50.

Na kwa anayenunua ya mtumba: tazama nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikitoka Marekani huja ikiwa kwenye 115. Katika nafasi hiyo saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili, na kwa umeme wetu wa 230 zinapatikana karibu 650, zikigawanywa kwa kapasita mbili ambazo mara nyingi zimetengenezwa kwa 200 kila moja. Utasikia mlio. Nilishawahi pia kufunguliwa kisanduku kimoja cha "wati 700" na fundi, kilichokwisha kuondoka na kadi ya mwenyewe. Kwenye bodi ilichapwa michoro ya koili na kapasita za kuchuja umeme, lakini mahali pake palikuwa na matundu matupu, na waya mfupi umeunganishwa kuvuka. Kisanduku kilikuwa chepesi kama mkate wa boflo. Wewe usifungue yako. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Ipime mkononi tu.

SLI yenyewe imekufa, na haikuuawa na umeme. Kadi mbili hazikuwahi kutoa kasi mara mbili. Picha zilipishana kwa kigugumizi, na kila gemu ilihitaji kutengenezewa utaratibu wake. Kuanzia Januari 2021 Nvidia waliacha kuongeza utaratibu mpya wa SLI kwa kadi za zamani, na RTX 4090 ya mwaka 2022 ikaja bila hata mahali pa kuunganisha na mwenzake. Lakini kiu haikupungua. RTX 5090 ya Januari 2025 ni ya wati 575, peke yake imezipita zile GTX 480 mbili.

Na kadi mbili zinarudi kwa mlango mwingine. Safari hii ni wale wanaoendesha programu za akili bandia nyumbani, ambao wanataka kumbukumbu ya kadi mbili, na utepe wa SLI hawauhitaji. Mbili za wati 575 ni 1,150, karibu ampea 96 kwenye volti 12. Pawa saplai ya wati 1,600 ikijazwa, nayo ikiwa inapoteza asilimia 10, itavuta ukutani karibu wati 1,780. Kwa Mmarekani mwenye soketi ya kawaida ya volti 120 na ampea 15 huo ndio ukingoni kabisa. Plagi yetu ya pini tatu, kwa volti 230 na fyuzi ya ampea 13, inafika 2,990. Ila isiwe kwenye ekstensheni ile ile yenye pasi na friji.