Mwanahisabati Aliyefia Luapula

Kusini ya Nchelenge, katika bonde ambalo Mto Luapula hulipita kabla ya kuingia Ziwa Mweru, ndiko waliko watawala wa Walunda wenye cheo cha Mwata Kazembe tangu karne ya 18. Jina hilo si geni kwa wasomaji wa tarehe ya misafara. Wafanyabiashara wa pwani walilifikia kutafuta pembe na shaba. Na David Livingstone, aliyeliona Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, alimkuta huko Mohammed bin Saleh akiwa amekaa miaka mingi. Lakini miaka 69 kabla ya Livingstone, alifika huko mgeni wa namna nyingine: mwanahisabati.

Huyo ni Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyezaliwa São Paulo, Brazil, mwaka 1753, na kupata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Coimbra, Ureno. Mwezi Julai 1798 aliondoka Tete akiongoza msafara wa Wareno waliotaka njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola. Aliingia nchi ya Kazembe wa tatu, Lukwesa Ilunga, akiwa mgonjwa, akafa tarehe 18 Oktoba 1798.

Mwanafalaki wa zama zake alijuaje mahali aliposimama, katikati ya bara lisilo na ramani? Njia mojawapo ilikuwa kuitazama sayari ya Mshtarii. Mwezi wake uitwao Io huizunguka kwa muda wa saa 42 na nusu hivi, na kila mara huingia katika kivuli chake. Tukio hilo huonekana kwa wakati mmoja Ulaya na Luapula. Majedwali yalimpa msafiri saa ya Ulaya. Nyota zilimpa saa ya hapo alipo. Na kila saa moja ya tofauti ni digrii 15 za longitudo.

Majedwali hayo yaliwezekana kwa sababu miezi ya Mshtarii hufuata kanuni. Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba nguvu iangushayo tunda ndiyo iushikayo mwezi katika njia yake. Hapo ndipo wanafizikia wanapotaja uzuri: maneno machache yanayobeba mambo mengi. Sisi walimu wa lugha twaujua uzuri wa namna hiyo katika methali. Lakini tofauti ipo. Methali isemayo haraka haina baraka huishi kwa amani na ile isemayo chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kanuni mbili za maumbile zikipingana hivyo, hapana budi moja ianguke au irekebishwe.

Je, uzuri watosha kuwa shahidi wa ukweli? Paul Dirac, mwanafizikia wa Uingereza, aliuamini sana. Mlinganyo wake wa mwaka 1928 juu ya elektroni ulidokeza kuwapo kwa chembe pacha yenye chaji ya kinyume, ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua. Mwaka 1932 Carl Anderson aliona alama yake katika maabara huko Marekani. Mwaka 1963 Dirac aliandika kwamba mlinganyo mzuri usitupwe upesi kwa sababu tu jaribio limeukataa. Hata hivyo, tukumbuke kwamba mwaka 1596 Johannes Kepler alizipanga sayari sita kwa maumbo matano ya jiometri. Nadharia hiyo ilipendeza mno, lakini sayari hazikuitii. Uzuri hutuongoza mlangoni. Kipimo ndicho kifunguacho.

Kanuni ya Lacerda yapimika hata leo. Tukikokotoa mahali pa jua siku aliyokufa, twakuta kwamba adhuhuri lilikuwa karibu sawa na utosi wa nchi ile. Hesabu haikumkinga na maradhi, wala haikuhukumu nia ya waliomtuma. Lakini haikuwa mali ya Ureno. Kila mwaka, katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, mwanafunzi wa Nchelenge akisimamisha kijiti wima ufukweni wakati wa adhuhuri ya jua, atakiona kivuli chake kikikaribia kutoweka. Na aulizwe sababu, kisha apewe nafasi ya kupima mwenyewe.