Kutawadhana Miguu Katika Makanisa ya Majita na Musoma

Kutawadhana miguu ni ibada inayopatikana katika makanisa matatu ya ukanda wa Ziwa Victoria mkoani Mara, kuanzia Musoma hadi Murangi na sehemu nyingine za Majita: Waadventista wa Sabato, Wamennonite na Wakatoliki. Makanisa hayo hutofautiana kwa mengi, kuanzia siku ya kuabudu hadi namna ya kubatiza. Katika jambo hili yote yanarudi kwenye Injili ya Yohana, sura ya 13. Yohana anaanza kwa kusema kwamba Yesu aliwapenda walio wake, akawapenda hadi mwisho. Kisha haufafanui upendo huo kwa hoja. Anasimulia jinsi Yesu alivyoondoka mezani, akajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi miguu. Katika Palestina ya wakati ule, kazi hiyo iliachiwa watumwa. Petro alipokataa kuoshwa, aliambiwa kwamba bila hilo hana sehemu na Bwana wake. Kwa hiyo mwamini anatakiwa kwanza akubali kupendwa, ndipo apate cha kumpa mwenzake. Wengi husahau kwamba hiyo ndiyo nusu ngumu ya ibada hii.

Wasabato ndio waliotangulia kuileta. Wamisionari wao kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka 1903, na kuanzia 1909 kazi yao ikaenea hadi mashariki mwa Ziwa Victoria, Majita na Busegwe zikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga kazi hiyo, kwa kuwa Wajerumani walikuwa upande wa adui wa serikali mpya ya Waingereza, lakini kanisa halikufa. Kwa desturi ya Wasabato, Meza ya Bwana huandaliwa kila robo ya mwaka, na kutawadhana hutangulia mkate na divai isiyochacha. Mpangilio huo una maana yake: anayekwenda mezani awe ameshapatana na jirani yake.

Wakatoliki walikuwa na kituo Nyegina, karibu na Musoma, tangu mwaka 1911, chini ya mapadre wa shirika la White Fathers. Kwao tendo hili ni la Alhamisi Kuu peke yake, tena ni la upande mmoja: padre huosha, waumini huoshwa. Mageuzi ya Papa Pius XII ya mwaka 1955 ndiyo yaliyoliingiza ndani ya Misa ya jioni ya siku hiyo, na hadi mwaka 2016 sheria ya liturujia ilitaja wanaume tu. Padre hapo anashika nafasi ya Kristo, wala hakuna anayemwosha yeye.

Kwa Wamennonite mambo ni tofauti, na historia yao ni ndefu. Ungamo la imani lililotiwa saini Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632 lina kifungu kizima, cha 11, kuhusu kuosha miguu ya watakatifu. Wahamiaji walivuka nalo bahari hadi Pennsylvania, na kutoka Lancaster katika jimbo hilo ndiko walikotoka wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934, miongoni mwao Elam Stauffer. Walifungua Bukiroba mwaka 1935, Mugango, jirani na Majita, mwaka 1936, na Bumangi katika nchi ya Wazanaki mwaka 1937.

Utaratibu wa Lancaster ulikuwa mkali. Ushirika ulifanyika mara mbili kwa mwaka, nao ulitanguliwa na ibada ya maandalizi ambamo kila muumini alipaswa kusema kama ana amani na Mungu na watu. Siku yenyewe wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Beseni huwekwa chini, viatu na soksi huvuliwa. Mmoja hujifunga taulo kiunoni, huinama, huchota maji kwa kiganja na kumwagia mguu wa mwenzake, kisha huukausha kwa taulo hilo hilo. Wakimaliza hubadilishana, halafu husimama, hushikana mikono na kupeana busu takatifu. Hakuna anayepangiwa mwenzi kwa cheo.

Hapo ndipo ibada hii ilipokuwa na uzito wake katika Mara. Katika nyumba nyingi za huku, mdogo ndiye humnawisha mkubwa mikono kabla ya kula. Kituo cha misheni nacho kilikuwa na ngazi zake: mmisionari alikuwa mwenye shule, dawa na mshahara. Mzungu aliyeinama mbele ya mpishi wake alionekana mnyenyekevu; kunyoosha mguu wake kwa mpishi huyo, akiwa ndiye mhitaji, kulimdai zaidi. Beseni peke yake halikuziondoa ngazi hizo, na si haki kulidai hivyo. Msukumo mkubwa ulikuja na uamsho uliokuwa umeanzia Rwanda na Uganda, ambao mwaka 1942 ulitokea kwa nguvu katika kanisa la Shirati. Wajaluo na watu wa makabila ya Kibantu, wenyeji na wageni, waliungama dhambi zao wazi wazi, zikiwemo chuki na dharau baina yao. Ndugu wa uamsho walishika fundisho moja juu ya mengine yote: Yesu anampenda mwenye dhambi kabla hajajitengeneza, na damu yake inatosha kwa wote. Baada ya hapo, kile walichokuwa wakikifanya kwenye beseni kwa kufuata agizo kilipata watu waliokwisha kusameheana.

Uongozi ulichelewa kufuata. Kanisa la Mennonite lilipata mamlaka yake lenyewe mwaka 1960, na Zedekia Kisare, mmoja wa watu wa Shirati waliopitia uamsho huo, akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1967. Ilikuwa miaka 33 tangu wamisionari wafike Shirati.