Njia ya Puani na Njia ya Lukuledi

Wanaoandika historia ya upasuaji aghalabu huanza na kisu wakamalizia na mashine. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kutoka upande wa pili, yaani kule anakotoka mgonjwa. Mfano tuliouchagua ni upasuaji wa tezi ya pituitari kwa kupitia puani, na mahali tulipopachagua ni Lukuledi, wilayani Masasi, kwenye barabara iendayo Nachingwea. Huenda msomaji akauliza: Lukuledi na tezi iliyo chini ya ubongo, wapi na wapi? Jibu la swali hilo ndilo makala yenyewe.

Pituitari ni tezi ndogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Imening'inia chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, ikilala katika kijishimo cha mfupa uitwao sfenoidi. Licha ya udogo wake, ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine nyingi: ukuaji wa mwili, hedhi, maziwa ya mama na nguvu ya kustahimili maradhi, vyote vinaitegemea. Juu yake tu hupita neva za macho, mahali zinapokutana na kupishana. Uvimbe ukiota hapo, ingawa mara nyingi si saratani, huzibana neva hizo, na mgonjwa huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, kushoto na kulia, mpaka akawa kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Wengine viganja na nyayo zao hupanuka na taya hutokeza. Wanawake wengine hukatika hedhi na kutoka maziwa bila ya kuwa na mtoto. Dalili hizi huja polepole, kwa miaka, na kila moja watu huipatia sababu iliyo karibu: huyu amezeeka, yule ana macho mabovu, mwingine ametupiwa jambo.

Mwaka 1889 Victor Horsley wa London alifanya upasuaji wa tezi hiyo kwa kufungua fuvu. Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Hermann Schloffer akawa wa kwanza kuifikia kwa chini, kwa kuipasua pua pembeni na kuigeuza. Mgonjwa wake alipata nafuu, lakini alifariki baada ya miezi miwili na nusu. Mwaka 1910 Oskar Hirsch, tabibu wa pua wa Vienna, alipita ndani ya tundu la pua lenyewe. Na Harvey Cushing huko Marekani alipita chini ya mdomo wa juu. Kati ya 1910 na 1925 Cushing aliwapasua kwa njia hiyo wagonjwa 231, wakafariki 5.6 katika kila 100. Zama hizo hapakuwa na dawa za kuua vijidudu mwilini kama tunazozijua leo, kwa hiyo hesabu hiyo haikuwa mbaya hata kidogo.

Hata hivyo, Cushing mwenyewe aliiacha njia ya puani akarudi kwenye fuvu, na wapasuaji karibu wote wakamfuata. Njia ilibakia mikononi mwa wachache. Hirsch aliihifadhi hata baada ya kukimbilia Boston mwaka 1938. Norman Dott, aliyekuwa mwanafunzi wa Cushing, aliiendeleza Edinburgh. Gérard Guiot wa Paris alijifunza kwa Dott. Jules Hardy wa Montreal alijifunza kwa Guiot, kisha katika miaka ya 1960 akaleta hadubini kwenye meza ya upasuaji. Msomaji aizingatie silsila hii. Kitabu peke yake hakikuweza kuiokoa njia hiyo. Ilipona kwa sababu mtu alimwonyesha mtu, kama fundi wa majahazi anavyomwonyesha mwanafunzi wake namna ya kushika tezo.

Endoskopu nayo ina nasaba ndefu. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Ujerumani alibuni kifaa cha kutazamia ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1959 Harold Hopkins wa Uingereza alibuni lenzi za fimbo za kioo, na picha hafifu ikawa angavu. Guiot alikwisha kulijaribu bomba hilo puani mwaka 1963 akaliweka kando kwa uhafifu wa picha. Ilibidi kungoja hadi 1992 ndipo Roger Jankowski na wenzake wa Nancy, Ufaransa, walipoieleza kazi ya pituitari iliyofanywa kwa endoskopu peke yake. Mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh walitoa taarifa ya wagonjwa 50. Tofauti ya vyombo hivi viwili si ngumu kueleweka: hadubini huchungulia chumba kutoka mlangoni, endoskopu huliingiza jicho chumbani likaona na pembe zake.

Palibaki tatizo la kuuziba mlango. Maji yanayouzunguka ubongo yalikuwa yakivuja puani baada ya upasuaji, na uvujaji huo hufungua njia ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 wapasuaji, wakiwemo waliotoka Rosario, Argentina, walieleza namna ya kukigeuza kipande cha utando wa pua kikiwa bado na mshipa wake wa damu, kikafunika tundu. Kwa kuwa kipande hicho kina uhai wake, hushika, na uvujaji baada ya upasuaji mkubwa wa njia hii ulipungua sana.

Leo, katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki kwa upasuaji huu wa pituitari hawafiki mmoja katika 100, na wengi waliopungukiwa na uoni huupata tena, wote au sehemu yake. Lakini yako mambo mawili ambayo endoskopu haiyawezi. La kwanza, neva ya jicho iliyobanwa muda mrefu ikanyauka hairudi, hata mpasuaji awe hodari namna gani. La pili, tezi iliyoharibika huweza kumwacha mgonjwa akihitaji vidonge kila siku maisha yake yote. Akivikosa siku anayopatwa na malaria, huenda asiione wiki ya pili. Matokeo ya upasuaji, basi, huamuliwa pia miaka kabla ya kisu na miaka baada yake, na miaka hiyo mgonjwa huipitisha kijijini kwake.

Hapo ndipo Lukuledi inapoingia. Nchi hiyo, pamoja na Masasi na Newala, si ngeni katika historia ya tiba, wala si ngeni kwa visiwa vyetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule mtaalamu wa Kiswahili, alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, na baadhi yao wakaweka maskani Masasi. Mwaka 1895 Wabenedikto wa Kijerumani walifungua misheni Lukuledi. Ikaharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, ambako hospitali yao ingalipo. Mwaka 1935 alifika Leader Stirling, mpasuaji kutoka London, akafanya kazi Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde. Pamoja na kupasua, alifundisha wauguzi, kwa kuwa alitambua kwamba daktari mmoja katika nchi pana kama ile ni tone baharini. Baadaye alichukua uraia wa Tanzania, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya, katika zama ambazo taifa lilikuwa likijenga zahanati vijijini.

Wala watu wa huko hawakuwa wapokeaji tu wa elimu. Mwaka 1952 na 1953 homa iliyowakunja watu viungo ilienea Newala na uwanda wa Makonde. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza mwaka 1955, na neno la Kimakonde, chikungunya, likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Ugonjwa huo ulijulikana kwa sababu wagonjwa waliulizwa, wakasikilizwa, na jina walilolitaja likaandikwa.

Umbali nao ni sehemu ya tiba. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zisizopungua 500, na mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, msafiri alivuka Rufiji kwa kivuko, mvua ikimruhusu. Wapo waliouweka umbali huo ndani ya hesabu ya kisu. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Benjamin Warf aliona kwamba mtoto mwenye maji kichwani anayewekewa mrija hukaa katika hatari: mrija ukiziba na hospitali iko mbali, mtoto hufa. Akaendeleza njia ya endoskopu, ya kuyafungulia maji mkondo ndani ya ubongo wenyewe na kuunguza sehemu inayoyatengeneza. Jaribio la watoto 100, lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili wa watoto hao haukutofautiana na wa waliowekewa mirija. Mbinu hiyo iliendelezwa kwa kumfikiria mama anayeishi mbali.

Kwetu hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, imekwisha kuingia katika kazi ya kuupasua uvimbe kwa kupitia puani. Na Unguja, katika Mnazi Mmoja, taasisi ya upasuaji wa ubongo ilifunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na wafadhili wa NED kutoka Hispania. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini mashine iliyoko Dar es Salaam haiwezi kumtambua mkorosho wa Lukuledi aliyeanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Anayeweza ni tabibu wa zahanati, akimwambia atazame mbele, kisha akanyoosha vidole viwili pembeni na kumwuliza anaona vingapi. Kipimo hicho hakina bei, na hufanyika chini ya mwembe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Silsila ile ya Cushing, Dott, Guiot na Hardy haikukatika kwa sababu kila mmoja alimpata wa kumwonyesha. Inabakia kuirefusha mpaka ifike skuli za uuguzi na zahanati za Masasi na Newala, kwa sababu njia ya puani, kwa mtu wa Lukuledi, huanzia mlangoni kwake.