Kabla ya Ogier Kulikuwa na Joginder: Wajue Madereva Waliozunguka Mlima Kenya kwa Matope

Kama umewahi kupanda Probox ya kutoka Karatina kwenda Nyeri alfajiri, mmebanana wanne kiti cha nyuma na wengine wawili kwa buti, unajua vile roho hukaa kooni dere akiamua kuovateki lori pale kwa kona. Sasa toa lami hapo. Weka usiku, weka mvua ya Aprili ya siku tatu mfululizo, weka dere ambaye hajalala vizuri tangu juzi. Halafu mwambie bado ana kilomita elfu mbili za kwenda.

Hiyo, msee wangu, ndiyo ilikuwa Safari Rally ya kitambo. Si ile ya Naivasha unayoenda na mbogi na kuku wa kuchoma kwa buti. Ile ya Naivasha ni noma pia, sikatai, na tangu WRC irudi Kenya 2021 nimeifuata kila mwaka. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini guka yako akisikia jina Joginder anaweka kikombe cha chai chini, lazima turudi nyuma kidogo.

Ilianza aje

Safari ya kwanza ilikimbiwa 1953, kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni, kusherehekea Malkia Elizabeth kuvikwa taji. Ndio maana iliitwa Coronation Safari. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Inasemekana jamaa mmoja alikuwa amechoka na mashindano ya kuzunguka uwanja mmoja kama punda wa kinu, akamwambia binamu yake Eric Cecil atafute mbio ambapo unafunga mlango wa gari, unakata Afrika katikati, unarudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Cecil akaipanga.

Baadaye ikahamia Pasaka, na hapo ndipo shida ilianza. Wewe ni mtu wa Mt. Kenya, unajua Pasaka huku ni nini. Ni mvua. Udongo mwekundu wa Nyeri na Kirinyaga ukilowa unakuwa sabuni. Ukishuka Mwea unapata ule mweusi wa pamba, ambao hautelezi tu, unakushika mguu na kukaa nao. Ukizunguka mlima kupitia Embu kwenda Meru, unakata mto baada ya mto inayotoka juu, kila mmoja na bonde lake: unashuka kona, daraja, unapanda kona. Njia ya Safari ilibadilika kila mwaka, lakini kwa miaka mingi huu mlima ulikuwa ndani. Embu, Meru, Nanyuki, Nyeri. Na lami haikuwa imefika kila mahali.

Sheria zake pia zilikuwa tofauti na za leo, na hii ndiyo wasee wengi hawajui. Siku hizi kuna steji maalum, barabara imefungwa, polisi wamesimama, helikopta iko juu. Safari ya 2021 ilikuwa na takriban kilomita 320 za mashindano. Miaka ya 70, Safari ilikuwa kilomita elfu kadhaa ndani ya siku nne au tano, na barabara haikuwa imefungwa kwa mtu yeyote. Ulikuwa unapewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika ya kuchelewa ni pointi moja ya adhabu. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Hapo katikati unakutana na basi, mkokoteni, mama na mbuzi zake, ndovu. Wote wana haki ya kutumia hiyo barabara kama wewe.

Saba tu

Kuna namba moja ambayo ukiijua utanyamaza. 1963, magari 84 yalianza Safari. Yaliyomaliza ni 7. Watu wakadhani ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Halafu 1968 mvua ikashuka tena vile inajua, magari 93 yakaanza, na yaliyomaliza ni 7.

Mwaka zote mbili mshindi alikuwa yule yule: Nick Nowicki, na navigeta wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari ya familia. Hebu fikiria kidogo kuhusu hiyo. Huyu hakuwa na gari yenye nguvu kuliko wengine. Wenye nguvu zaidi walikuwa wamelala mtaroni. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini Kenya nzima ilijaa Peugeot, hadi 504 ikawa ndiyo matatu ya kutoka Nyeri kwenda Nairobi, jibu moja ni hilo. Watu waliona kwa macho yao ni gari gani inarudi nyumbani.

Kutoka 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda Safari. Walikuja na viwanda nyuma yao, na ufundi wote wa barafu na theluji, na wakarudi mikono mitupu. Msweden Erik Carlsson alimaliza wa pili 1964 na Saab. Inasimuliwa kuwa gari ilipokwama kwa matope, yeye na mwenzake waliibiringisha juu chini hadi ikatua mahali pakavu, wakaingia wakaendelea. Waandishi walipomcheka kuwa anawapiga kamba, akaibiringisha tena mbele yao. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, 1972, na Ford Escort.

Joginder

Sasa tuingie kwa mwenyewe. Joginder Singh alizaliwa Kericho 1932. Baba yake alikuwa na gereji, na yeye alianza kama fundi. Shikilia hilo neno, fundi. Wazungu walimwita Sikh anayepaa, sisi tukamwita Simba wa Kenya. Jina lake liliingia kwa lugha: hadi leo mzee akipanda matatu inayokimbia ovyo atamwuliza dere kama anadhani yeye ni Joginder.

Na hapo ndipo wazee, kwa heshima zote, wanakosea. Joginder hakuwa anakimbia ovyo.

Angalia rekodi. Alianza Safari 22, akamaliza 19. Rudi usome ile namba ya 84 na 7 halafu usome hii tena. Alishinda mara tatu. 1965 alishinda na kaka yake Jaswant ndani ya Volvo PV544, gari ya mkono wa pili ambayo waliifungua na kuijenga upya wenyewe. 1974, mwaka wa mafuriko, alikuwa na Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, navigeta akiwa David Doig. Aliyemkimbiza alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911. Porsche! Wa pili. 1976 akarudia na Lancer, na Mitsubishi ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Fundi anajua kitu ambacho dereva wa kawaida hajui: kila shimo unalopiga lina bei, na utailipa kilomita 400 mbele, usiku, mahali hakuna gereji. Anasikia shoki ikianza kuchoka kabla haijavunjika. Anajua mahali pa kutoa mguu. Ukiuliza ujuzi wa hawa watu ulikuwa wapi, mimi nasema ulikuwa kwa mguu wa kulia, na hasa ule wakati mguu ulipokuwa umeinuliwa.

Mehta, na wengine

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala 1945, na 1972 familia yake ikafukuzwa na Idi Amin pamoja na Wahindi wengine wa Uganda. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na Datsun 240Z. Alimaliza na pointi sawa kabisa na Harry Källström, Msweden, na akapewa ushindi kwa sababu yeye ndiye alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baada ya siku zote hizo za matope, tofauti ikawa ni nani alikaa safi kwa muda mrefu.

Halafu akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Nne mfululizo, zote na Datsun, navigeta Mike Doughty. Jumla tano, na hakuna aliyewahi kumzidi. Ajali mbaya Misri 1987 ndiyo ilimtoa kwa mchezo. Hata waliokuwa wazuri kuliko wote walijua siku moja hesabu inaweza kukataa.

Ulaya hali ilikuwa mbaya zaidi wakati huo. Magari ya kundi B yalikuwa yamepewa nguvu kuliko akili ya binadamu. Tarehe 2 Mei 1986, Henri Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto walitoka barabarani kule Corsica, gari ikashika moto, wote wakafa. Mwaka uliofuata magari hayo yakapigwa marufuku. Huku kwetu magari hayo hayo yalikimbia pia, lakini Safari haikukubali mtu wa kukanyaga tu. Toyota Celica turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986, na haikuwa ndiyo gari ya kasi zaidi duniani. Ilikuwa ngumu.

Usisahau Michèle Mouton, mwanadada wa Ufaransa aliyemaliza wa tatu 1983 na Audi Quattro. Na usisahau Patrick Njiru. 1993 alikuwa ndani ya Subaru Vivio, kagari ka 660cc ambako ungekaona nje ya supamaketi ungedhani ni ka mwalimu, na akamaliza wa 12. Mwaka uliofuata, na Impreza, akawa wa nne. Wale vijana wa Subaru za kulia mlio wa bunduki pale Nanyuki Jumamosi usiku, hii dini yenu ina mzee wake, na jina lake ni Njiru.

Walikuwa wanafanya nini hasa

Nimeuliza mafundi na wazee, nimeangalia video za kitambo hadi bando ikaisha. Mambo machache yanarudi.

Kwenye udongo uliolowa, breki ni adui. Dereva anapunguza kasi mapema, gari ikiwa imenyooka, anaingia kona kwa gia ya chini na mafuta kidogo yasiyobadilika. Ukishtuka ukakanyaga breki katikati ya kona, tairi za mbele zinaacha kusikia usukani na mtaro unakuita kwa jina.

Pili, navigeta hakuwa wa kusoma ramani tu. Magari mengi yalikuwa na vishikio na pa kukanyaga huko nyuma, ili matope yakizidi navigeta aruke nje, asimame juu ya bampa na kuruka-ruka kuongeza uzito kwa tairi. Gari ikipata nguvu, dereva hasimami kumngoja vizuri. Anashikilia.

Tatu, walikuwa wamepita hapo kabla. Wiki na wiki za kuzunguka njia, kuandika kila daraja, kila mahali maji hukata barabara.

Kwa nini nakuambia haya yote? Kuna jamaa tulisoma naye primary. Alikuwa anaendesha Probox ya mboga usiku kwenda Nairobi, na mtaani tulikuwa tunamwita Joginder. Alipenda hilo jina sana. Alikuwa na miaka 23, na alilala kwa usukani. Na unakumbuka 24 Julai 2022, basi lilitumbukia pale daraja la Nithi, barabara ya Meru, watu zaidi ya 30 wakafa. Lami nzuri, jioni. Bonde ni lile lile ambalo magari ya Safari yalikuwa yakishuka.

Mimi mwenyewe, mwaka nilioacha chuo, niliazima gari ya binamu yangu nikaitupa mtaroni juu ya Mweiga, mvua ya dakika kumi tu. Sikuumia. Guka alikuja kuangalia akiwa na mwavuli. Hakunigombeza. Alisimama, akaangalia alama za tairi vile zilikuwa zimeteleza, akaniuliza nilikanyaga breki wapi. Nikamwonyesha. Akatingisha kichwa.

Halafu akanihadithia. Mwaka mmoja wa Pasaka, akiwa kijana, walikuwa wamekaa juu ya ukingo tangu saa tisa usiku wakingoja rally. Walikuwa wanajua gari kwa mlio kabla taa zitokee: hii Peugeot, hii Datsun. Moja ikakwama pale kwa mteremko. Vijana wakakimbia kusukuma, kwa sababu ukisukuma unaweza kupata shilingi. Walitegemea dereva akanyage, matope yaruke, kila mtu acheke. Dereva akazima injini. Akatoka, akatembea mbele kama hatua 20 na tochi, akiangalia chini tu. Akarudi, akawaonyesha kwa mkono wasukume kuelekea kushoto, kidogo tu, pale nyasi zilikuwa bado zimeshika. Akaingia, akawasha, na gari ikatoka polepole kama inayoenda kanisani.

Guka hakuwahi kujua jina lake. Ilikuwa Datsun, alisema, na shilingi hakuwapa.